Vikorombwezo vya Mkandarasi

3 Machi

Mdogo wangu,

Simu yako haipatikani wiki ya pili sasa, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu kama enzi za shule. Karani wa mabasi ameniahidi kwamba bahasha hii itakufikia kesho jioni. Isome peke yako. Baba usimsomee.

Nimempata.

Kazi yangu unaijua. Nasimama juu ya sakafu inayong'aa kuliko sahani zetu za wageni, nauza magari ambayo bei ya mlango mmoja ingejenga upya jiko letu lote. Juzi meneja aliniwekea mezani barua ya mteja mpya. Mteja huyu simu haipendi. Anataka kila jambo liwe kwenye karatasi yenye mhuri. Nikasoma mpaka chini, nikaiona sahihi yake. Ni ileile yenye mkia mrefu unaojizungusha mara tatu, iliyokuwa chini ya barua aliyoandikiwa Baba miaka minne iliyopita: "Kampuni haina wajibu wowote. Fundi alikuwa amelewa."

Amelewa! Baba, ambaye hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza!

Sihitaji kukukumbusha, lakini acha niandike, maana nikiandika natulia. Mbao za jukwaa zilikuwa zimeoza. Baba alimwambia mnyapara asubuhi ileile, akajibiwa apande au arudi nyumbani. Akapanda. Akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, nyonga ikavunjika, na mkandarasi hakutuma hata mtu wa kumjulia hali. Fundi mwashi wa miaka thelathini kazini, siku hizi anainuliwa kitandani kama mtoto.

Sasa sikiliza. Bei ya gari unayoiona kwenye kadi ni ya gari tupu. Ukishakubali bei hiyo, tunakuletea kitabu cha vikorombwezo: viti vinavyokanda mgongo, paa la kioo, rangi ya kuagiza, spika ishirini na tatu. Kila kimoja kina bei yake, na bei hizo hazina haya. Nimeona watu wazima wakiingia na bei ya gari moja, wakatoka na bei ya magari mawili. Tena kikishatengenezwa kwa matakwa yako, pesa hairudi.

Yeye hanijui, hajawahi kuniona. Nitamuuzia kila kilichomo kwenye kitabu kile, mpaka upepo wa matairi. Alichomnyima Baba nitakitoa mfukoni mwake kipande kwa kipande, na kila kipande atanishukuru.

Dada yako


6 Machi

Mheshimiwa Mkurugenzi na Mkandarasi Mkuu,

Tumepokea oda yako kwa heshima kubwa, na tunakupongeza kwa chaguo lako.

Katika kuipitia fomu, nimeona kwamba umechagua viti vya kawaida na rangi nyeusi ya kiwandani. Uniwie radhi kwa kuuliza: je, hayo si makosa ya karani? Nauliza kwa sababu wateja wa hadhi yako kwa kawaida huchagua viti vya ngozi laini vinavyokanda mgongo, pamoja na rangi inayochanganywa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Gari la viti vya kawaida tumewahi kumuuzia mwalimu mkuu mmoja mstaafu, na aliridhika nalo sana.

Naambatanisha kitabu cha vikorombwezo ukipitie kwa nafasi yako, ukikumbuka tu kwamba kitu kikishatengenezwa kwa matakwa ya mteja hakirudishwi.

Wako katika utumishi,
Ofisa Mauzo


12 Machi

Kwa Ofisa Mauzo,

Umefanya vema kuuliza. Ni makosa ya karani.

Weka viti vya kukanda mgongo. Nina habari kwamba mkandarasi mwenzangu, yule aliyejenga benki mpya, amechukua gari la aina hii kwenu. Je, viti vyake vinakanda mbele tu, au na nyuma? Kama ni mbele tu, vyangu viwe mbele na nyuma. Nyuma sikai, lakini weka.

Kuhusu rangi, nakutumia tai yangu ya hariri kwenye bahasha hii. Gari lifanane na tai. Paa la kioo weka. Spika weka. Uniandikie kama kuna kitu chochote kwenye kitabu ambacho yeye anacho nami sina.

Mkurugenzi na Mkandarasi Mkuu


15 Machi

Dada,

Barua imefika, ina duara la kikombe cha chai ya karani. Simu yangu mbovu, nitaipeleka kwa fundi nikipata nafasi. Baba hajambo. Asubuhi nyonga humkaza, mchana inalegea, jioni anagombana na redio.

Dada, nakuomba kitu kimoja. Muuzie huyo mtu gari lake aende zake. Usimchokonoe. Mtu wa namna ile ukimbana hatoi chake, anatoa cha wengine. Wala simtetei. Mimi ndiye ninayempeleka Baba bafuni kila asubuhi, kwa hiyo hasira usinifundishe. Nasema tu, mwache.

Shemeji yako yuko kazini, kwenye jengo la hoteli mbali kidogo na hapa. Anarudi Jumamosi kwa Jumamosi. Watoto hawajambo, viatu tu ndivyo vinavyowakataa.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimwache? Wewe moyo wako umekuwa pamba tangu utoto. Hata kuku aliyekudonoa ulimpelekea maji.

Ungeona tai aliyonitumia! Ina doa la mchuzi karibu na ncha. Nimeipeleka kwa mchanganya rangi, akaniuliza, "Tufuate tai au tufuate doa?" Nikacheka mpaka meneja akatoka ofisini. Rangi hiyo peke yake ni bei ya shamba dogo.

Halafu kuna mwavuli. Ndani ya mlango wa dereva kuna kijichumba cha kuwekea mwavuli, na kijichumba kina feni ya kuukausha. Mwavuli na chumba chake ni mshahara wa Baba wa miezi mitano, enzi zile miguu yake mizima. Nilimwandikia mkandarasi kwamba mwenzake wa benki hana. Jibu lilikuja siku ya pili, mstari mmoja: "Iwe miwili."

Herufi za jina lake zinashonwa kwa uzi wa dhahabu kwenye viti vyote vinne. Nani atalinunua gari hilo baada yake? Vikorombwezo vimeshapita nusu ya bei ya gari lenyewe, nami bado sijafika katikati ya kitabu. Kila anaposaini, namwona Baba kwenye ile mbao, inalia kabla ya kukatika, nami nageuza ukurasa mwingine.

Kwenye kila kikorombwezo nina kamisheni. Fungu la kwanza nimemnunulia Baba godoro, lile zito ambalo daktari alisema litamfaa. Litafika Alhamisi kwa lori la samani. Mwambie ni zawadi yangu tu, usimwambie zaidi. Alale juu ya pesa za adui yake bila kujua, mpaka siku nitakayokuja kumsimulia mwenyewe.

Dada yako


17 Aprili

Kwa Ofisa Mauzo,

Malipo yote ya vikorombwezo nimeyakamilisha leo, risiti naambatanisha. Salio la gari lenyewe liko benki, litatoka siku ya makabidhiano.

Katika barua yako uliuliza kwa adabu kama malipo haya yananibana. Hayanibani. Nina mradi mkubwa wa hoteli, na katika mradi mkubwa hakukosi malipo yanayoweza kusubiri. Wanaosubiri wamezoea.

Ongeza lile jokofu dogo la katikati ya viti.

Mkurugenzi na Mkandarasi Mkuu


9 Mei

Dada,

Godoro lako liko uani. Baba amelitoa mwenyewe. Kwa magongo, analisukuma kwa goti zima, anapumzika, analisukuma tena, nami nimezuiwa kumsaidia. Sasa anarudi kulala kwenye lile la zamani lenye shimo katikati.

Nilikuficha, na kosa hilo ni langu. Hoteli anayojenga shemeji yako ni kazi ya mkandarasi huyohuyo. Mwaka jana kazi zilipokauka kila mahali, pale tu ndipo palipobaki. Baba mwenyewe ndiye aliyemwambia aende. Alisema, "Hasira ni yangu mimi, wajukuu wangu wale nini?" Tukakubaliana wewe usijue. Ungetukana mpaka majirani wasikie.

Huu ni mwezi wa tatu mafundi hawajalipwa, wote arobaini na mmoja. Kwanza waliambiwa Ijumaa. Halafu mwisho wa mwezi. Halafu mnyapara akaacha kupita karibu nao. Simu yangu haikuharibika, Dada, niliiuza Februari, mishahara ilipocheleweshwa mara ya kwanza. Ilipofika Machi na Aprili, hapakuwa tena na cha kuuza. Na barua zako zikawa zinakuja, zinacheka. Mwavuli mmoja. Iwe miwili. Nilikuwa nazisoma jikoni, nazifunika na sufuria.

Jumapili Baba alizikuta. Alizisoma zote, polepole, kwa miwani iliyofungwa na uzi. Nilidhani atafurahi walau kidogo, maana nani asingefurahi? Akaniuliza tu, "Vijana hawajalipwa tangu lini?" Nikamwambia. Akahesabu tarehe kwa vidole, za barua na za mishahara. Akasema, "Kumbe nimelalia jasho la vijana." Akainuka.

Mafundi wamekwenda kwa Afisa wa Kazi. Mkandarasi akaitwa, akaja na suti, akaapa mkono juu kwamba hana hata senti mpaka mwenye hoteli amlipe. Afisa, mama mmoja mkali lakini wa haki, akawaambia mafundi: leteni kitu kinachoonyesha kwamba pesa anayo, maana kwa maneno yenu matupu siwezi kumgusa. Kikao cha pili ni tarehe 4 Juni.

Sijui nikwambie nini zaidi. Nimekukasirikia, na nimekukumbuka.

Mdogo wako


12 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisomea stoo, katikati ya maboksi ya rimu, nimejifungia.

Nilitaka kuandika "Kwa nini hukuniambia?" Nimeikata sentensi hiyo mara mbili. Uliniambia. Uliandika kwamba anatoa cha wengine, nami nikakujibu habari za kuku. Na yeye mwenyewe aliniandikia kwamba wanaosubiri wamezoea, nikaisoma nikageuza ukurasa, maana nilikuwa na haraka ya kumuuzia jokofu. Nilijiona namkamua yeye. Kumbe nilikuwa nimeshika chuchu za watu arobaini na mmoja, shemeji yangu akiwamo, na ndoo ni yangu.

Kulia nitalia siku nyingine. Sasa nina kazi.

Afisa anataka kitu kinachoonyesha kwamba pesa ipo. Ninacho. Nina orodha nzima ya vikorombwezo, kurasa kumi na moja, kila ukurasa umesainiwa kwa ule mkia unaojizungusha mara tatu. Nina risiti ya tarehe 17 Aprili. Nina barua ambayo anasema kwa mwandiko wake kwamba malipo hayambani na kwamba salio liko benki. Nimevitoa kopi vyote saa ya chakula, mashine ikipiga kelele kama inanisemea kwa meneja. Kutoa karatasi za mteja nje ya duka ni kufukuzwa, hilo lilikuwa kwenye mkataba wangu, ukurasa wa kwanza. Nimemtumia Afisa kwa jina langu kamili na cheo changu. Sikutaka ionekane imeokotwa.

Ndani ya bahasha hii kuna kamisheni yangu iliyobaki. Mpe shemeji wagawane. Najua ni kidogo, lakini kwangu haikai tena.

Baba mwambie siombi anisamehe sasa. Asubiri kwanza nimalize.

Dada yako


22 Mei

Kwa binti wa Fundi,

Ndiyo, najua wewe ni nani. Jana nimepewa nakala za karatasi ulizozitoa, na nimemwuliza mnyapara wangu jina hilo ni la nani. Yeye anaikumbuka familia yenu. Naelewa pia kwamba duka limekuachisha kazi, jambo ambalo mimi sikuliomba, ingawa sikulikataa.

Tuongee kama watu wazima. Tarehe 4 utaitwa kuthibitisha karatasi zile. Wewe utasema jambo moja tu: kwamba orodha ile ilikuwa mapendekezo ya duka, si oda, na risiti ilitolewa kimakosa. Hakuna atakayekufunga kwa hilo.

Nami nitamlipa baba yako fidia yake yote. Nakiri nilipaswa kumlipa tangu mwaka ule, maana najua kuwa hakuwa amelewa, na mbao zile niliambiwa mapema. Nilikuwa na mambo mengi. Nitalipa yote kwa mara moja, pamoja na gharama za hospitali ya nyonga. Fikiria baba yako akitembea. Mafundi wale ni vijana, watapata kazi nyingine. Baba yako hatapata nyonga nyingine.

Ukishaisoma barua hii, ichome.

Mkandarasi


23 Mei

Mdogo wangu,

Ndiyo, nimefukuzwa. Meneja alinipa dakika kumi za kufungasha, akanihesabia kalamu. Hayo tuyaache.

Soma barua ninayoiambatanisha; ni nakala, yenyewe ninayo hapa. Hii sasa msomee Baba, kila neno.

Nimekaa nayo usiku na mchana. Nikisema uongo kidogo, Baba anapasuliwa nyonga. Nikisema kweli, mafundi wanalipwa na Baba anabaki na magongo yake. Miaka minne nimeomba nimpate huyu mtu mkononi, nimempata, na bado yeye ndiye anayeshika bei. Namchukia kiasi kwamba nikila chakula hakina chumvi. Lakini safari hii siamui peke yangu. Niliamua peke yangu mara moja, mkalala njaa.

Baba aseme.

Dada yako


26 Mei

Dada,

Nimemsomea. Alikuwa amekaa mlangoni na miguu juani. Nilipofika pale penye "najua kuwa hakuwa amelewa" akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Tena." Nimelisoma neno hilo mara nne, na mara ya nne akatikisa kichwa kama mtu anayekagua ukuta ulionyooka.

Haya yafuatayo ni maneno yake, nayaandika anavyotamka:

"Mwanangu mkubwa. Pesa nazitaka, nisijifanye malaika. Lakini kwa siri sizitaki. Akinilipa kwa siri, nitabaki kuwa yule mlevi aliyeanguka. Tena umekuwa ukichanganyikiwa bure, na wewe umesoma. Miaka minne nimezunguka ofisi zote na magongo, kila dirisha wananiambia, 'Mzee, una karatasi?' Sikuwa na karatasi. Sasa bwana mwenyewe ameniandikia karatasi, ameweka na sahihi. Anasema alijua. Anasema mbao aliambiwa. Anasema nilipaswa kulipwa. Barua hiyo usiichome. Ipeleke kwa yule mama, uiweke juu ya zile nyingine."

Halafu akacheka, Dada. Nilikuwa nimesahau sauti yake ya kucheka ilivyo. Kikohozi kiliingilia katikati. Akaniambia nimletee chai, na nitie sukari bila kubana mkono.

Godoro bado liko uani. Nimelifunika lisinyeshewe.

Mdogo wako


28 Mei

Mheshimiwa Mkurugenzi na Mkandarasi Mkuu,

Nimepokea barua yako ya tarehe 22 kwa heshima kubwa.

Nasikitika kukujulisha kwamba ombi lako haliwezekani. Kama nilivyokueleza mwezi Machi, kitu kikishatengenezwa kwa matakwa ya mteja hakirudishwi. Hili linahusu rangi ya tai yako, herufi za jina lako kwenye viti vinne, miavuli miwili na vyumba vyake, pamoja na ushahidi wangu.

Uliniagiza niichome barua yako. Nimeipeleka kwa Afisa wa Kazi, nikapewa stakabadhi yenye mhuri. Najua unapenda mambo yawe kwenye karatasi.

Zamani uliniandikia nikujulishe kama kuna kitu ambacho mkandarasi mwenzako anacho nawe huna. Nimeuliza kwa mafundi wake. Mishahara ya mwezi Mei imeshatoka.

Wako katika utumishi,
Aliyekuwa Ofisa Mauzo, na binti wa fundi ambaye hakuwa amelewa


7 Juni

Dada yangu,

Uliondoka mbio siku ya kikao kuwahi basi, ukaikosa nusu ya pili. Acha nikusimulie kwa mpangilio, maana hapa nyumbani kila mtu anasimulia kwa wakati mmoja na shemeji yako anaigiza.

Ulipomaliza kuthibitisha karatasi ukatoka, yule mama alivaa miwani akaanza kuisoma orodha kwa sauti. Kikorombwezo kimoja, bei yake. Kingine, bei yake. Alipofika kwenye mwavuli na feni yake, fundi mmoja wa nyuma akashindwa: "Mwavuli una feni? Mimi nyumbani kwangu sina feni, na nina watoto sita!" Chumba kikapasuka kwa kicheko. Yule mama akagonga meza, lakini nilimwona anauma mdomo. Mkandarasi alikuwa anafuta jasho kwa tai nyingine.

Barua ya tarehe 22 aliisoma mwisho. Hapo hakuna aliyecheka. Baba alikuwa kando yangu, ameshika magongo yote mawili kwa mkono mmoja, na sikumtazama, nilisikia tu anavyopumua. Yule mama akamwuliza mkandarasi, "Sahihi hii ni yako?" Akasema hakumbuki. Akamwonyesha kurasa kumi na moja zenye sahihi hiyo. Akakumbuka.

Uamuzi ni huu. Salio la gari lililokuwa benki limezuiwa, na mishahara yote imetoka humo. Kesi ya Baba imefunguliwa upya kwa nguvu ya ile barua, na kabla haijaisha ameamriwa atoe malipo ya kwanza ya matibabu, hapohapo na mishahara. Gari haliendi kwake. Vikorombwezo ndiyo basi, pesa hairudi. Shemeji yako alipita dukani kwenu kuangalia. Anasema limesimama kwenye kona na herufi za dhahabu, na meneja wako analizunguka kama mtu aliyeachiwa msiba usio wake.

Malipo yalifanyika jana, kwenye uwanja wa hoteli, Afisa amekaa pembeni kushuhudia. Baba alisema anakwenda. Vijana walileta toroli lenye blanketi wamsukume kutoka barabarani, akalikataa. Alitembea. Robo saa nzima, kokoto zinateleza chini ya magongo. Akasimama kwenye foleni kama fundi yeyote. Kila mmoja alitaka ampishe mbele, akakataa na hilo.

Mkandarasi alikuwa nyuma ya meza ya mbao, anatoa bahasha na kutia alama kwenye daftari, uso hauinui. "Jina," anasema. "Jina. Jina." Zamu ya Baba ikafika. "Jina," akasema. Baba kimya. "Jina, bwana, foleni ndefu!" Baba akaegemea magongo yake. Na nyuma yake hakuna aliyesogea, hakuna aliyekohoa, watu wote wale.

Ndipo akainua macho. Yalianzia kwenye magongo, yakapanda taratibu mpaka usoni, yakakaa hapo. Akamgeukia Afisa. Afisa alikuwa anaangalia karatasi zake. Akawaangalia vijana. Vijana walikuwa wanamwangalia yeye.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Baba unamjua, Dada. Mlevi akimwamkia njiani humwitikia. Watoto wa jirani hupita mbele yake mara kumi kwa makusudi, na mara zote kumi anaitikia. Sijawahi hata siku moja kuona shikamoo ya mtu ikimpita Baba hivihivi.

Alichukua bahasha yake mezani, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akamtazama yule mtu kwa kitambo. Kisha akageuza gongo la kulia, akageuza la kushoto, akaondoka bila kuitikia.

Mdogo wako